Zamu ya Kula Vumbi

Asubuhi ambayo mimi na kaka yangu Mwadime tuliondoka nyumbani ilikuwa ya zamu yetu ya maji. Kwenye vilima vyetu juu ya Mwatate, mfereji mmoja hunywesha mashamba ya watu wengi, na ukiikosa zamu yako unangoja wiki nzima huku mboga zikinyauka. Kwa hiyo Baba alikuwa na sababu nzuri ya kuwa shambani na jembe lake. Lakini sote tulijua kwamba si maji yaliyompeleka. Alikuwa amenuna.

Mwadime, kifungua mimba wake, alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori huko Isiolo, na tajiri wake alitaka dereva wa pili. Akaniombea mimi, Mwakio, mdogo wake. Baba aliuliza mara moja tu ni nani atakayejenga kuta za mawe zinazozuia udongo wa shamba zikibomoka, kisha akafunga mdomo siku tatu. Baba alijua kununa. Hata ukimwona kwa mgongo ulijua.

Kwetu mzazi hamwachi mtoto asafiri hivi hivi. Huchukua funda la maji, au maji ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu huku akisema yaliyo moyoni: kama nilikukasirikia, hasira hiyo nimeitoa, nenda salama. Huko ndiko kutasa. Mhubiri hakupenda mambo hayo, na Baba alikuwa Mkristo kila Jumapili, lakini aliiogopa hasira ya mzazi iliyobaki kifuani kuliko alivyomwogopa mhubiri. Tuliamini kwamba hasira kama hiyo humfuata mtoto popote aendako.

Mama alimwita mara mbili. Kibuyu cha maji kilikuwa tayari mlangoni. Mwishowe Mwadime akashuka mwenyewe hadi mferejini.

"Baba, tunaenda."

"Nendeni. Njia si mnaijua?"

Hakugeuka. Mama ndiye aliyetupulizia maji. Tulipofika kwenye kona, Mwadime alitazama nyuma, akacheka kidogo na kusema mzee ataitoa hasira yake tukishamletea blanketi. Mimi sikucheka.

Barua zetu zilipitia kwa dada yetu Wakesho, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli na kukaa Kaloleni, mjini Voi. Barua ikifika, Wakesho hupanda mlima na kuwasomea wazee. Baba hakujua kusoma, na hakumwamini mtu yeyote anayejua. Wakesho akimaliza, Baba huikunja barua, huitia mfukoni mwa koti na kuipeleka kwa mwalimu isomwe upya, aone kama maneno yatalingana. Wakesho alikuwa akilalamika kwamba baba yake anamfanya mwizi. Yakumbukeni mazoea hayo ya Baba. Kama si hayo, huenda nisingekuwa na la kuandika.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na kaskazini kulikuwa na vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Sisi hatukubeba bunduki. Tulibeba unga na maharagwe kwenye malori mawili ya tajiri mmoja, kutoka Isiolo kwenda vituo vya serikali kwenye barabara ya Wajir. Tulikwenda kwa msafara: landirova ya askari mbali mbele, malori nyuma yake, na askari mmoja ndani ya lori la kuongoza. Tulimshuku kila tuliyemwona. Mtu mwenye ngamia watatu tulimhesabu shifta, na mwanamke mwenye kibuyu cha maziwa tulimhesabu mke wa shifta. Nao walitutazama vivyo hivyo, kwa sababu gari lililoshusha unga leo lilishusha askari jana. Mzee mmoja pale Mado Gashi, aliyetuuzia chai miezi mingi, aliacha kututazama usoni. Mpaka leo sijui alikuwa anatuogopa au anatuonya.

Barabara ile ilikuwa ya mchanga mtupu. Lori la nyuma lilimezwa na vumbi la lori la mbele tangu asubuhi hadi jioni. Dereva alifika kituoni akiwa na nyusi nyeupe na kikohozi cha mzee. Madereva tuliita hali hiyo kula vumbi. Mimi na Mwadime tuligawana haki: wiki hii yeye anaongoza nami nakula vumbi, wiki inayofuata tunabadilishana. Nilipodai kwamba ameniibia siku, alisema tumbo langu limezoea, niendelee tu kula.

Kisha yakaanza mabomu ya kutegwa ardhini.

Siku hiyo hiyo utani ukaisha. Magari ya mbele ndiyo yaliyokanyaga. La nyuma lilipita juu ya alama za magurudumu. Vumbi likawa tamu. Hatukulizungumza, lakini nilianza kuzihesabu siku za wiki kama mtu anayengoja hukumu. Nilipokuwa mbele sikupumua vizuri hadi jioni, na nilipokuwa nyuma nilimtazama kaka yangu mbele yangu na kumshukuru Mungu kwa ajili yangu mwenyewe. Naliandika hilo jinsi lilivyokuwa.

Jumatatu moja ilikuwa zamu yangu kuongoza.

Mwadime alikuwa amemaliza wiki yake. Alikuwa anajifunga kitambaa puani, tayari kwa vumbi. Askari walikuwa wamepanda landirova yao, injini ikiunguruma. Nilishika mlango wa lori langu, na miguu ikakataa.

"Breki zangu hazishiki," nikamwambia.

Zilikuwa zinashika.

Dereva yeyote anajua kwamba gari lenye breki mbovu haliwekwi nyuma ya mwenzake. Litamgonga. Ningeweza kusema gia, ningeweza kusema tumbo. Nilisema breki, kwa sababu ndilo neno lililotangulia kinywani.

Mwadime alinitazama. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kuendesha.

"Breki," akasema. Akakifungua kile kitambaa puani, akanirushia. "Haya. Basi kula vumbi wewe."

Akapanda, akatangulia.

Landirova ya askari ilipita. Mpaka leo sijui ilipita vipi.

Niliona lori la kaka yangu likiinuka upande mmoja. Sauti ilikuja baadaye kidogo. Kisha vumbi, na ndani ya vumbi unga, mweupe, ukishuka taratibu juu ya kioo changu.

Nilikanyaga breki. Lori likasimama pale pale.

Mwadime alikufa pamoja na askari aliyeketi kando yake. Tuliwazika karibu na kituo, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuwasafirisha. Nilitumwa nichague jiwe, nikachagua bapa, kama yale ya kuta za shamba letu.

Nilirudi nyumbani mwezi uliofuata kwa treni. Voi nilifikia kwa Wakesho. Simu ya kifo ilikuwa imeshamfikia, naye alikuwa ameshapanda mlima kuwaambia wazee. Aliniwekea chai, lakini hakuketi.

"Siku hiyo wewe ulikuwa gari gani?"

"La nyuma."

"Na mbele ilikuwa zamu ya nani?"

"Yake."

Akaingia chumbani na kukaa huko mpaka chai ikapoa. Nilidhani analia. Tangu saa ile nilianza kumshuku kwamba ananishuku, na mtu akishaanza safari hiyo hafiki.

Nyumbani hapakuwa afadhali. Mama alinishika mikono, vidole na uso, kisha akatazama nyuma yangu njiani. Baba alinisalimu na kurudi mferejini. Majirani walikuja kutoa pole na kuondoka mapema. Baba Mdogo, ndugu yake Baba, ndiye aliyesema yale ambayo wengine walinong'ona: wamekwenda wawili, amerudi mmoja, na huyo mmoja hana hata mkwaruzo. Usiku wazazi hawakulala, mchana hawakula, na kila mlango niliofungua nilikuta maneno yamekatika.

Wiki ya tatu, baada ya kustaftahi, Baba Mdogo alituita uani. Alisema nyumba hii ina hasira iliyofichwa, na mtoto hafi ugenini bila kitu kumfuata kutoka kwao. Kila mmoja atashika maji na kuutoa moyo wake. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Alianza yeye. Mama akafuata, maneno yakamshinda, akapuliza tu. Wakesho alikipokea kibuyu.

"Kama nina hasira na mtu," akasema, "naitoa siku atakayosema kweli." Akapuliza.

Kibuyu kikaja kwangu. Nikatia maji kinywani. Yalikuwa baridi, ya mfereji ule ule. Nikayapuliza na kusema sina kitu moyoni. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, hata mimi nikaishangaa.

Wa mwisho alikuwa Baba. Alichukua funda, akainua uso, na hakupuliza. Maji yalichuruzika kidevuni, yakaingia kwenye koti. Akajaribu tena, yakachuruzika tena.

"Msimtazame huyu mtoto," akasema. "Ni mimi. Alikuja mferejini kuniaga nikampa mgongo. Mimi ndiye niliyemuua."

Mama alipiga yowe. Baba Mdogo aliinamisha kichwa, na macho yote yaliyokuwa juu yangu wiki tatu yakaniacha, yakamwendea mzee.

Nami nilifurahi. Huzuni ilikuwepo, lakini furaha ndiyo iliyotangulia, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Ningemwokoa kwa sentensi moja tu pale uani. Nilisogea nikamfuta Baba kidevu kwa mkono wa shati langu, na watu wakasema nina moyo mzuri.

Sikurudi kaskazini. Nilijenga kuta zilipobomoka, nikashika zamu ya maji, nikaoa. Baba hakununa tena maisha yake yote. Alinipenda, akanipa shamba la chini lenye udongo bora, akanisifu kwa wageni. Na kila ilipofika zamu yetu ya maji, alisimama mferejini, akachota kwa kiganja na kupuliza kuelekea kaskazini, akimwomba Mwadime msamaha. Niliyasikia maneno hayo kwa miaka zaidi ya kumi, nikiwa nimeshika jembe hatua tano kutoka kwake. Mara nyingi nilifungua mdomo niseme. Kila mara niliishia kumwuliza kama amechoka.

Alifariki miaka ya themanini ilipokuwa bado michanga. Siku ya tatu baada ya mazishi, waombolezaji walipopungua, Wakesho alinikuta nikirudisha viti vya kanisa. Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo. Akatoa humo barua, imekunjwa mara nne, na mikunjo imechakaa.

"Ilifika baada ya simu ya kifo," akasema. "Kabla hujarudi."

Mwandiko ulikuwa wa Mwadime. Aliiandika Jumamosi. Alisema hajambo na kwamba joto ni kali. Alisema wiki yake ya kuongoza imekwisha: "Kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekula vumbi, Mwakio ataongoza." Chini yake, mstari wa mwisho: "Mwambieni Baba yale maji nimeshayasahau. Sina kinyongo naye hata kidogo. Nikirudi tutatasa pamoja."

Nilikaa chini.

"Ulijua tangu ile chai," nikamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukumsomea Baba? Huu mstari wa chini, Wakesho! Huu mmoja tu!"

"Na angefanya nini? Si angeitia mfukoni aipeleke kwa mwalimu? Mwalimu angesoma yote." Alikuwa analia sasa. "Ningempa mtoto aliyemsamehe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nimnyang'anye aliyebaki. Nikasema nikusubiri. Nikasema mwaka huu atasema. Nimekusubiri mpaka tumemzika."

Mama alitokea mlangoni akiwa na fimbo yake. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Barua ya nani hiyo?"

Wakesho alinitazama. Nilimkalisha Mama kwenye kiti cha kanisa nikamsomea tangu salamu, pole pole, bila kuruka. Nilipofika kwenye Jumatatu, sauti yangu haikutoka safi kama ile ya siku ya maji. Nikamaliza mstari wa mwisho. Kisha nikamwambia habari ya breki.

Mama alinyoosha mkono akaichukua barua. Aliipapasa, akaikunja, akanirudishia.

"Ipeleke kwa mwalimu," akasema. "Aisome tena."

Nilimleta mwalimu kesho yake. Alikuwa amestaafu na miwani yake ilikuwa na uzi. Alisoma neno kwa neno, na kila neno lililingana.

Vita vile vilinichukulia kaka, nami sina la kuvidai. Baba hakuchukuliwa na vita. Yeye nilimwacha mwenyewe pale mferejini, na msamaha wake ukiwa umeandikwa tayari, umelala Kaloleni ndani ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu yangu. Mama bado yuko hai. Hunipikia, hunisalimu, huniuliza habari za wanangu. Ninapotaka kusafiri hutoka mpaka mlangoni kuniaga kama zamani, na kibuyu kiko palepale, lakini maji hajatia kinywani, wala mimi sijamwomba.