Mkono wa Bosi Ukiinuka, Wote Huacha

Saa tatu asubuhi, mpira mwembamba wa kulishia umelala kwenye trei. Msichana wa miaka tisa ameziba pua kwa viganja viwili. Wodi nzima inamwita Bosi, maana hata wauguzi yeye huwapangia zamu.

Ana vidonda sugu vya utumbo. Chakula hakikai. Mpira huo usipopita puani hadi tumboni leo, daktari atalazimika kumpa dawa ya usingizi ili auingize, na anahofia mwili wake hautaistahimili.

"Hautauma hata kidogo, mwanangu," mama yake anambembeleza.

"Hapana, mama," anasema mshauri wa watoto. "Tusimdanganye tena."

Hilo "tena" linamchoma mwenyewe. Ana mwaka wa tisa akituliza hofu za watoto wenye maradhi ya tumbo, peke yake kwa vitanda ishirini na sita, lakini Jumatatu aliteleza kama mgeni wa kazi. Alikuwa na haraka, akamwambia Bosi mpira hautauma. Uliuma, ukakwama, watu watatu wakamshika kwa nguvu. Tangu hapo, Bosi akiona koti jeupe tu, tumbo linamsokota.

"Hofu na utumbo ni mtu na ndugu yake," anaeleza mshauri. "Ukimchokoza mmoja, mwingine anakuja juu."

Anavuta kiti karibu na Bosi. "Nilikudanganya. Nisamehe. Mpira utauma kidogo, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Ukiinua mkono, sote tunaacha."

"Hata daktari?"

"Hata daktari."

Wanapumua pamoja, taratibu. Muuguzi anaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono unainuka.

Daktari anatazama saa. Zimebaki sentimeta chache, na mshauri anakiri baadaye kwamba alitamani wasukume tu.

"Acha," anasema mshauri. Muuguzi anautoa wote.

Bosi anawakagua mmoja mmoja. Kisha anajifuta pua.

"Haya, anzeni upya. Ila nahesabu mimi. Nyinyi mnakimbia."

Anahesabu kwa madaha hadi kumi na saba. Mpira unapita.

Mshauri sasa anataka sheria ya mkono ibandikwe kila chumba, na muuguzi mmoja afundishwe kazi hii ya kutuliza watoto. "Nikiwa na haraka, nitakaa nje mpaka iishe," anaapa.

Kwenye korido, mama anamshika mkono. "Akiniuliza kama atapona, nimjibu nini?"

"Mwambie hujui. Halafu usiondoke."