Siku Nne Nilizozikata

Bibi aliitazama picha kwenye simu yangu, akaweka kisu chini, akaniuliza, "Hawa ni nani kwako?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni mke wangu na wanangu wawili, na hicho kilichoko mezani ni muhogo wa shamba lake yeye bibi.

"Umelowekwa siku ngapi?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtanitukana kabla hamjajua kisa.

Kazi yangu ni kula. Nazunguka mikoani, naingia majikoni mwa watu, narekodi wanavyopika vyakula vya kwao, naweka mtandaoni. Wanaonifuata wamekuwa wengi mpaka mama mkwe akaacha kuniuliza nitatafuta kazi lini.

Wiki ile nilikuwa kwa huyu bibi, mpishi anayesifika kijiji kizima kwa muhogo mchungu. Kwetu mjini tunaujua ule mtamu tu: menya, chemsha, kula. Huu wake unalowekwa siku nne, maji yanabadilishwa kila asubuhi, ndipo unapikwa na kuungwa na karanga. Nilikula sahani tatu mpaka nikaona aibu.

Habari ya zile siku nne alinieleza si mara moja. Mimi niko nyuma ya kamera, ndiyo bibi, ndiyo bibi. Alikuwa na mwingine uliokwisha kulowekwa, kwa hiyo nilipoikata video ikatoka hivi: anamenya, anaosha, anaweka chunguni. Nani ana muda wa kuangalia maji kwenye beseni?

Halafu nikaona haitoshi. Nikachukua kiroba cha ule mbichi, nikakituma nyumbani kwa basi. Zawadi.

Siku mbili baadaye nimerudi kwa bibi kurekodi kingine. Anamenya, mimi najibu komenti. Akaniuliza kama nina familia. Ndipo nikafungua ujumbe wa mke wangu, nipate picha ya kumwonyesha, nikakuta sahani imejaa muhogo.

Sasa ameishika simu yangu na hacheki.

"Mwanangu, huo usipolowekwa ni sumu. Mbuzi wangu wawili walikula maganda tu, wakafa."

Nikaichukua simu, nikatazama saa. Picha ilitumwa saa tano. Wakati ule ilikuwa saa saba kasoro.

Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, na tena. Mara ya sita bibi akaninyang'anya simu, akauliza jirani yangu ni nani. Nikasema ni fundi cherehani, mlango wa pili. Akasema nimpigie huyo, niache kupiga mahali pasipo na mtu.

Fundi akapokea, cherehani inanguruma. Nikamwomba akimbie kwangu. Akaanza kunieleza habari ya gauni la harusi linalotakiwa jioni, shemeji nipe nusu saa. Nikaangua kilio. Mwanamume mzima, na ndevu zangu. Cherehani ikanyamaza.

Nikasikia ndala zake zikikimbia. Nikasikia anabisha. Akabisha tena, akaita. Kitasa kikalia, na sauti ya binti yangu mkubwa ikasema, "Shikamoo. Mama ametapika, amelala chini."

Fundi akamuuliza kama na wao wamekula. Nilishika ukuta wa jiko la bibi nikisubiri jibu la mtoto wa miaka saba.

"Sisi tulitema, mchungu. Mama akatupa mkate, yeye akala. Alisema chakula cha baba hakitupwi."

Bibi akainama kwenye simu akasema kwa sauti kubwa kwamba apelekwe hospitali sasa hivi, na sahani iende naye, daktari aione.

Alinisindikiza hadi kituoni bila kunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko matusi. Njiani niliificha ile video watu wasiione tena.

Masaa manane ndani ya basi. Fundi ananiandikia kidogokidogo. Wamefika. Amewekewa dripu. Anapumua kwa shida. Kisha ikapita saa nzima bila neno. Nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo mpaka leo bado nahangaika kuyatimiza.

Halafu simu ikatetemeka: amefumbua macho, anaulizia watoto.

Waliniruhusu kuingia wodini asubuhi. Alikuwa amepauka, midomo imekauka. Nikaomba msamaha mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Kisha, kwa ujinga wangu, nikamuuliza, "Lakini mke wangu, kama ulionja ukaona mchungu, mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

Nikamwambia sikuona. Kusema kweli, kabla ya ile picha kulikuwa na jumbe zake tano nilizoziruka, nikijua ni mambo ya gesi na ada.

"Sikukuuliza huko," akasema. "Huko hujibu. Nilikuuliza kule unakowajibu watu."

Nikaifungua ile video niliyoificha. Komenti mia nne. Nikashuka nazo mpaka kwa mtu anayejiita Mama Sufuria.

Mama Sufuria namjua. Mwaka mzima ananifuata, hakosi kusifia. Tumetaniana sana. Siku moja nilimwandikia kwamba mumewe ana bahati.

Saa tano na robo ameandika: "Kaka, nimeupika lakini mchungu. Ni kawaida?"

Chini yake jibu langu, halijapita hata dakika moja: "Ndio utamu wake huo, dada. Kula tu!"

Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ananiangalia tangu muda.

Amepona, Mungu mkubwa. Video mpya nimeiweka. Bibi anabadilisha maji, siku ya kwanza mpaka ya nne, sijakata kitu. Wengi wanalalamika inachosha. Na iwachoshe.

Ninachowaambia ni hiki: ukienda kula kwa watu, usibebe chakula ukayaacha maneno ya mpishi. Na nyumbani kwako, angalia mtu wako asije akajigeuza mgeni ndipo umjibu.

Mama Sufuria hajaandika tena. Siku hizi mke wangu ananiandikia mwenyewe. Nikiona jina lake, hata kama chungu kinachemka, nasimamisha kamera.