Nilisema binti yangu ameolewa, nami nilijua ni mchezo

Msinihurumie. Wengi wakikosa husema shetani aliwapitia. Mimi hakuna aliyenipitia! Nilikuwa na akili zangu timamu, rozari mfukoni, nikatamka uongo mchana kweupe, na uongo ule ukamvunjia binti yangu uchumba.

Mimi ni mkulima wa milima ya upande wa Ngungu, na ni katekista tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimefundisha wachumba wengi kabla ya ndoa, nimezika watu, nimekimbia vita na kurudi, na kwa yote hayo namshukuru Mungu. Lakini kujua dini ni jambo moja, na kuwa na moyo safi ni jingine. Nimelijua hilo uzeeni, kwa aibu.

Kitinda mimba wangu, nitamwita Riziki, alikwenda kusoma iniversite Goma. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kumfanya muuguzi. Alipokuja likizo ya kwanza nilimwuliza mbele ya mama yake.

"Unasoma nini kule?"

"Tiyatre na sinema, Papa. Tunasoma vyote viwili pamoja."

"Ile nayo iko masomo? Kuruka-ruka mbele ya bantu?"

"Tunaanza na jukwaa, kisha njo kamera. Kwa jukwaa, hata muntu wa nyuma kabisa anapashwa kukusikia. Kwa kamera, hata jicho likicheza kidogo, bantu wamekwisha kuelewa."

"Jicho! Nimelima viazi mpaka mugongo umepinda, juu mutoto wangu ajifunze kuchezesha jicho!"

Mama yake alicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile nilikuwa na neno baya kwa kila alichosema. Akiimba jikoni, namwuliza kama amelipwa. Akimwiga shangazi yake anavyotembea, nasema hiyo ndiyo diplome yake. Nilikuwa mchungu kama kwinini, na nilijiita baba mwenye msimamo!

Nyumba ilikuwa na neema moja ambayo hata mimi sikuweza kuitilia neno baya. Riziki alikuwa na mchumba, kijana mpole wa Mpofi, huko Walikale, Mkatoliki, wa jamaa ya wafanyabiashara waliotoka Butembo. Wazee wake walikuwa wamekwisha kuja kujitambulisha. Tulipatana warudi baada ya mavuno ya maharagwe, ili tunywe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mambo yawe wazi. Binti yangu alimpenda. Na mimi nilimpenda, tena sana!

Basi Riziki akafika mwaka wa mwisho. Huko chuoni mwanafunzi hamalizi mpaka atunge hadithi, aicheze mbele ya watu, kisha aitengenezee filamu hadithi ile ile. Akaja nayo kilimani kwetu, pamoja na wenzake wachache na kamera yao. Hadithi yenyewe ilikuwa ya baba anayemtoa binti yake aolewe bila kumwuliza.

Akaniomba nicheze yule baba.

"Baba huyo iko mimi?" nikamwuliza.

"Hapana, Papa. Ni baba tu. Lakini wewe uko na sauti nzuri."

Nilikataa, na nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Jirani yetu, Papa Bahati, akaruka juu juu: "Mimi nitacheza! Lakini kasiksi ikuwe ya kweli. Muchezo bila kasiksi ya kweli njo njaa, mutoto wangu!"

Ndugu msomaji, kwetu jambo hilo si dogo. Baba wa msichana akikaa na wageni, akanywa kasiksi ya kwanza, akawapa mrija na kutamka kwamba binti ni wao, amemtoa. Watu wote wakiona, imekwisha. Ndiyo maana niliposimama nyuma ya ua na kumwona Papa Bahati akinyonya mrija kwa macho ya kujidai, na kijana mwenzake Riziki amevaa koti la bwana harusi, na kilima kizima kimekaa kutazama, damu ilinichemka.

Niliingia katikati, mbele ya kamera.

"Simamisheni! Kasiksi imenywewa, maneno yamesemwa. Huyu mutoto ameolewa! Bwana yake ndiye huyu, amubebe!"

Yule kijana mwenye koti akarudi nyuma hata akaukanyaga mtungi. Riziki alinijia polepole.

"Papa, kila Ijumaa Kuu wewe unacheza Pilato kwa kanisa. Unanawa mikono, unamutoa Bwana asulubiwe. Bantu wanakuitaka muuaji?"

Kicheko kililipuka! Papa Bahati alicheka mpaka kasiksi ikamtoka puani. Akina mama walishikana mabega. "Pilato! Eh, Pilato amekasirika!"

Laiti ningecheka nao! Ningekunywa hata mimi, tukalala salama. Lakini kicheko kile kilinikaa kifuani kama mfupa. Nilikuwa nimezoea watu kusimama nikipita.

Walimaliza kazi yao, wakarudi Goma. Maharagwe yakavunwa. Wageni wa Mpofi wakafika siku Riziki bado yuko masomoni, na mama yake yuko kwenye mkutano wa akina mama wa parokia. Walikuja kutuambia wako tayari, tupange siku. Walikuwa na matope mpaka magotini kwa ubaya wa barabara, na mbuzi mmoja wa heshima.

Baba mkubwa wa kijana, mzee mwenye maneno machache, akaniuliza: "Katekista, binti yetu hajambo?"

Hapo ndipo nilipokosa. Mdomo wangu ulisema: "Si binti yenu tena. Alikwisha kunywewa kasiksi."

"Na nani?"

"Na watu wa Goma. Uliza kilima chote."

Nilijua! Mimi niliyefundisha wachumba mwaka baada ya mwaka kwamba bila ridhaa ya kweli hakuna ndoa, hata watu wakinywa mitungi mia! Nilitaka tu Riziki aone kwamba neno la baba yake si la kuchekwa.

Mzee akatoka, akawauliza watu njiani. Nao, wapumbavu wale, wakafikiri wanatania na mgeni: "Ndiyo, Papa! Tulikunywa, ilikuwa tamu! Bwana harusi alikuwa na koti!" Hakuna aliyetaja kamera. Mbuzi akafungwa tena kamba. Niliwatazama wakishuka kilima, na sikuwaita.

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Papa, umewaambia nini?"

"Nimewaambia ulichofanya."

"Ulijua ni muchezo."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Papa, nakuuliza. Ulijua ao hukujua?"

Nikakata simu. Mimi, baba mzima!

Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia: "Ile amri ya kutosema uongo, wewe unaifundishaka siku gani? Niambie, nije nikae kwa benchi na batoto." Tangu hapo alinipikia, akaniwekea chakula, na hakukaa kula nami. Riziki hakurudi nyumbani. Kwa yule kijana alijieleza mpaka akachoka. Jamaa ya kijana walisema filamu hutungwa, ila katekista hawezi kumsingizia mtoto wake mwenyewe.

Niling'ang'ania kiburi changu kwa muda mrefu mno, kisha nikaenda kwa padri kuungama. Alinisikiliza, akasema: "Mungu anakusamehe. Sasa nenda Mpofi, ukayaondoe maneno yako kwa mdomo ule ule."

Barabara ilipopitika nilikwenda, kwa pikipiki na kwa miguu. Nilimkuta baba mkubwa dukani mwao anapima chumvi. Nilipiga magoti mbele ya wateja, nikasema yote: filamu, kasiksi, kicheko, uongo.

Aliniinua. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Alisema: "Muzee, siku ile tulikuamini kwa sababu wewe ni katekista. Leo unasema ulidanganya. Sasa tukuamini kama nani? Tena mutoto wetu alikwisha kuoa. Bibi yake njo ule anapima sukari pale."

Nilimsalimia yule dada. Alinipa maji ya kunywa.

Kutoka kule nilikwenda mpaka Goma. Riziki alikuwa amemaliza masomo, amepata kazi ya kutengeneza filamu za kufundisha akina mama usafi wa watoto. Alinipokea, akanipa kiti, akaniita Papa kama zamani. Nikamwomba msamaha. Akasema amekwisha kunisamehe, lakini nyumbani hawezi kuja. Akaongeza, bila kunitazama:

"Siku ile uliingia, kamera ilikuwa inaendelea kukamata. Wenzangu wote walisema tuache hivyo, ni mazuri kuliko tulivyoandika. Mwalimu naye alitaka. Nilikataa, nikakutoa. Ningekubali, bantu wangekucheka kila mahali filamu inapita."

Enyi wazazi! Mtoto niliyemwita mchezaji alificha aibu yangu, akapoteza sehemu nzuri ya kazi yake. Na mimi, mtu wa Mungu, nilishona aibu isiyokuwapo nikamvika yeye mbele ya wakwe zake. Niambieni nani kati yetu alikuwa anaigiza!

Nasali kila asubuhi, na namshukuru Mungu kwamba anapokea simu yangu. Mazungumzo yetu ni mafupi: afya, mvua, mama yake. Kisha ananiaga kwa adabu, kama anavyoagana na mgeni.

Wewe unayemdharau mwanao kwa sababu anasoma usichokielewa, nyamaza! Mwulize. Kaa utazame anachofanya mpaka mwisho. Na wakikucheka, cheka nao siku hiyo hiyo, maana kicheko ukikibeba mpaka nyumbani kitatafuta wa kumuuma, na wa kwanza kitakayemkuta ni mtoto wako.