Mtoto Aliyesifiwa kwa Kukoroma

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu kule Shianda, miaka ile ya mwanzo wa Uhuru. Nilikuwa nimelala mchana kwenye mkeka wa kukhu, yaani nyanya yangu, Rasoa. Kuamka, nikakuta wazee wamenizunguka na mirija yao ya busaa, pombe yetu ya nafaka. Kumbe kukhu aliwaita waje wanisikilize nikikoroma.

"Ni yeye kabisa," mmoja akasema. "Shiundu alikuwa anakoromanga hivi hivi."

"Si niliwaambia?" kukhu akajibu. "Mzee wangu amerudi."

Shiundu alikuwa babu yangu, alikufa kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na akionyesha tabia zake watu hufurahi. Mimi nilipewa jina, na mkoromo wakasema ni wake. Sasa nani atatibu kitu cha marehemu? Mama alijaribu kusema kwamba nikilala pumzi hukatika, kisha nashtuka kama mtu anayetolewa majini. Kukhu akamwambia asimtukane mzee. Mama akanyamaza, alikuwa ameolewa tu pale.

Kila siku niliamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, matandiko yamelowa. Shuleni nilisinzia, na nisiposinzia nilipigana. Mwalimu Zablon, na namtaja hata kama amekufa, alinichapa mpaka mgongo ukazoea.

"Shiundu, akili yako imelala wapi?" aliniuliza mbele ya wote.

"Nyumbani, mwalimu, pamoja na mkojo," mwenzangu akajibu. Mwalimu mwenyewe akacheka.

Na huyo ndiye aliyetuimbisha nyimbo za kupigana na ujinga na maradhi. Maradhi yalikuwa yameketi mbele yake, akayachapa. Mwishowe akamwita baba: "Huyu hana kichwa cha kusoma. Mpe jembe, nafasi apate mwingine." Baba hakuuliza hata swali moja. Nikapelekwa kwenye miwa.

Aliyeniokoa ni senge Rispa, dada ya baba, aliyekuwa ameolewa Lumakanda. Alikuja kutusalimia, akanikuta nimelala juu ya majani ya miwa, jua kali, mdomo wazi, kifua kinabonyea kikitafuta hewa. Kukhu akaanza kumsimulia kwa fahari habari za mzee kurudi.

"Mama, huyo mzee ni baba yangu," senge akasema. "Alikoroma akiwa na mvi. Na alikufa amelala, ama umesahau?"

Senge akanipeleka hospitali ya serikali bila kumngojea baba. Daktari akatazama koo, akasema mafindofindo yamevimba na nyama iliyo nyuma ya pua imeziba njia ya hewa. Nikapasuliwa. Koo lilipopona nililala kimya, matandiko yakakauka, na ule ugomvi ukaniisha. Kukhu akalia kwamba mzee amefukuzwa. Alimlilia mzee, si mimi.

Senge akanirudisha shuleni. Zablon alisimama mlangoni, akasema nafasi yangu ina mtu. Basi nikamaliza masomo yangu pale mlangoni, mwanangu. Haya maandishi unayoyaona nilijifunza nikiwa mtu mzima.

Watu huniambia niwasamehe, hawakujua. Sawa, hawakujua. Lakini mama alijua na wakamnyamazisha.

Kwa hiyo nisikilize. Mpe mtoto jina la yeyote umpendaye, ila pumzi ni yake mwenyewe. Hata akilala kwa nyanyake, nenda ukamsikie anavyopumua. Akikoroma kila mara, pumzi ikisimama, akikojoa kitandani, akisinzia darasani au akiwa mkali bila sababu, weka kiboko chini. Mpeleke hospitali na umweleze daktari ulichosikia. Mtu akikwambia anayekoroma ndiye anayelala vizuri, usimheshimu kwa hilo, hata kama ni mzee, hata kama ni mimi.

Mungu akujalie watoto wasiopigania hewa usingizini, na mwalimu atakayeuliza kwanza kabla hajachapa.