Nasor Haitikii

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, moja haijanitoka: siku niliyolipeleka jina la mwenzangu kwa sajenti kwa kosa la kunyamaza.

Tulikuwa askari wapya kambini karibu na Nizwa, huku Uarabuni, na vita vinaendelea huko kusini. Mimi nimetoka Tabora, nimerejea nchi ya babu zangu, Kiarabu changu cha kuokoteza. Nasor katoka Unguja. Kila asubuhi sajenti hupiga ukelele wa kuisifu serikali, nasi tunaitikia mpaka mishipa ya shingo inatutoka. Nasor haitikii. Nilimtazama siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Mdomo kaufumba. Nikajiambia, huyu ana lake jambo. Wakati ule kila mtu akimshuku mwenziwe, na sisi tuliotoka Afrika tukishukiwa zaidi. Nikaona bora ashukiwe yeye kuliko mimi, asubuhi moja nikaenda kumsema kwa sajenti. Naona haya kuisema, lakini ndiyo kweli.

Mchana ule ule Nasor akanyang'anywa bunduki mbele yetu sote, akapelekwa jikoni kumenya vitunguu, huku analindwa kama mwizi. Nikampelekea chai, nia yangu nimchunguze zaidi. Nikamuuliza kwa nini haitikii.

“Yakhe, Unguja niliitikia sana,” akasema. “Vyama vilitugawa hata jirani yangu alipokufa sikwenda kumzika, kwa kuwa si wa chama changu. Mama yake alisimama mlangoni ananitazama. Nikaapa sitompigia mtu kelele tena. Lakini kulinda nchi, wallahi nitalinda.”

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyemsema. Sikuweza. Bunduki alirudishiwa baadaye, cheo hakupata mpaka anastaafu.

Miaka yote akiniletea tende za shamba lake la kule Samad, mpaka hapa Ibra, nami nikimtazama usoni nikishuku kuwa anajua. Shaabani iliyopita alifariki. Nilishika jeneza, nikatia mchanga, na lile neno bado ninalo kooni.

Sasa nakuona na simu yako, unatazama nani kaweka bendera kwenye picha yake na nani hakuweka, unasema huyu si mwenzetu. Wacha, mwanangu. Aliyenyamaza kamuulize mwenyewe kabla hujalipeleka jina lake kwa mtu. Na ukimkosea, mwambie angali hai.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kuwaamini watu, na akuepushe na tende kama zile nilizokula mimi.