Aya Moja kwa Siku

Zama za Mwingereza, pale Bagamoyo, mama yangu hakujua kusoma. Alitaka kuihifadhi moyoni sura ya Yasini, aje amsomee bibi, mama yake, ambaye alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mwalimu wake nilikuwa mimi, bintiye, mjuaji niliyekwisha kuhitimu Kurani chuoni. Kila alasiri akikuna nazi nilimsomea aya moja, naye akairudia mpaka tui likachujwa.

Kisha nikachoka. Nikawa nasema, “Kesho, mama,” nakwenda zangu kucheza. Hakunigombeza, alirudia za nyuma.

Siku bibi anakata roho, mama alikaa kichwani pake akasoma. Alipofika pale nilipoishia kumfundisha, alianza tena mwanzo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aya zilizobaki nilizijua zote, na sauti haikunitoka.