Damu ya Upande Wetu

Baba yangu alivuliwa uzee wa kanisa kwa kosa la ulevi, na siku hiyo hakuwa ameonja hata tone. Nilikuwa darasa la sita. Kanisa letu liko Masama, na Jumapili ile ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Baba ndiye aliyebeba trei ya vikombe vya divai. Nilimwona kutoka benchi la watoto: mkono wake wa kulia uliruka wenyewe, kama wa mtu aliyeguswa na kaa la moto, na trei yote ikammwagikia kifuani bibi mmoja aliyevaa gauni jeupe. Baba akainama kuokota vikombe, akayumba, akashika benchi asianguke. Hakuna aliyemsaidia.

Wiki hiyo wazee wenzake wakamwita. Mama alikwenda naye, akasimama mbele yao akasema, "Mume wangu hanywi. Nalala naye kitanda kimoja, ningesikia harufu." Wakamjibu kwamba mke mwema humsitiri mumewe, ila mbele ya Mungu hakuna kusitiriana. Baba hakujitetea. Alirudi nyumbani, akavua koti lake la kanisani, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kwetu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa harusini, msibani na kwenye kipaimara, kwa hiyo mtu akiyumba hakuna anayejiuliza mara mbili. Baba akawa mlevi wa kijiji bila kunywa. Vidole vyake havikutulia tena, vilichezacheza kama vya mtu anayenyonyoa kuku. Panga lilimponyoka likamkata mguu. Yeye aliyekuwa mpole kuliko wanaume wote wa ukoo wetu akaanza kumrushia mama sahani, kisha akakaa nje kwenye migomba akilia. Halafu maneno yakaanza kumkwama kooni, na baada ya maneno, chakula. Alitulia pale tu alipopata usingizi. Mama alikuwa na kawaida ya kuketi pembeni ya kitanda na kumtazama amelala. Siku moja aliniambia, "Huyu ndiye niliyeolewa naye. Akiamka anaondoka."

Alifariki nikiwa kidato cha nne. Tulimzika katika kihamba, shamba la ukoo, kati ya kahawa zake, jirani na kaburi la babu. Bibi, mama yake baba, alitazama udongo ukishuka akasema, "Amekwenda kama baba yake. Naye alicheza hivi hivi." Wazee wa ukoo walisema babu aliwahi kung'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, akaiba shamba la jirani, na kwamba aliyeibiwa alitamka maneno mazito. Wakachinja mbuzi, wote Walutheri, na mchungaji hakuambiwa.

Nikawa mwalimu wa Biolojia. Nilifundisha miaka michache kwa stashahada, kisha nikaenda chuo kikuu kutafuta shahada. Huko, asubuhi moja, mhadhiri alitusomesha magonjwa ya kurithi. Alieleza ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huupata akirithi jeni lenye kasoro kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Tukaandika. Kisha akasema yapo magonjwa ambayo jeni moja tu lenye kasoro linatosha, hata kama mzazi wa pili ni mzima kabisa, na akatoa mfano wa ugonjwa mmoja wenye jina la daktari wa Kizungu aliyeueleza zamani. Mgonjwa huishi mzima hadi utu uzima. Ndipo mikono inaanza kucheza, anayumba, tabia inageuka, anashindwa kumeza. Watu humdhania mlevi.

Kalamu yangu ilisimama.

Kwa kitambo kidogo nilijisikia nimefunguliwa minyororo. Baba hakuwa mlevi! Hakuna aliyetulaani. Ndani ya kila seli ya mwili wake, katika maandishi ya urithi, kulikuwa na neno dogo la herufi tatu lililojirudia mara nyingi kupita kiasi, basi, hakukuwa na dhambi nyingine yoyote. Nilitaka kukimbia hadi Masama nikawaambie wale wazee. Mhadhiri alikuwa anaendelea: mgonjwa ana nakala mbili za jeni hilo, moja mbovu na moja nzima, na kila mtoto hupewa moja kati ya hizo. Kwa hiyo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Wa kwanza kuupata hakumwokoi anayefuata. Na dawa ya kuponya hakuna.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, kiongozi wa wageni mlimani, kifua kipana, mcheshi, anayepanda Kilimanjaro huku anaimba. Alikuwa ameshachumbia. Nilipanda basi kwenda nyumbani nikiwa nimekusudia kumwambia. Nilimkuta anajenga, yuko juu ya paa la nyumba yake mpya na misumari mdomoni. Aliitema akaniita, "Dada! Njoo uone chumba cha watoto." Nikaingia. Nikasimama katika chumba kile chenye harufu ya mbao mbichi, nikasema kizuri sana. Nilijiambia nitamweleza baada ya harusi. Baada ya harusi mkewe akawa tayari ni mjamzito, na mjamzito haambiwi jambo kama hilo.

Sina utetezi zaidi ya huo. Mimi mwenyewe nilivunja uchumba wangu mwaka ule, nikamwambia yule mwanamume kwamba sijisikii kuolewa. Yaani nilijua vya kutosha kujizuia mimi. Mdogo wangu nikamwacha aendelee. Akapata binti, na baada ya miaka sita akapata binti wa pili.

Alikuwa na miaka thelathini na sita alipoanguka mlimani mahali ambapo hata mpishi wa msafara haanguki. Mara ya pili alimwagia mgeni uji wa moto. Waliokuwa wamemwajiri walimwambia wazi kwamba hawawezi kukabidhi roho za watu kwa mlevi. Alirudi nyumbani, na wifi yangu akanipigia simu: "Wifi, njoo uongee na mdogo wako. Ameanza pombe na hataki kukiri." Nilikwenda. Nilimkuta anafunga vifungo vya shati. Alikuwa anakikosa kifungo, anakifuata, anakikosa tena, na vidole vyake vilikuwa vya baba.

Ilituchukua karibu miaka miwili, hospitali hii na ile, hadi daktari mmoja kijana pale Moshi alipoacha kumuuliza habari za pombe akamuuliza habari za baba yetu. Damu ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi, daktari alitueleza kwa upole, pole pole, kama mimi ninavyoeleza darasani. Wifi alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka akaniangalia mimi badala ya mumewe.

"Wifi, wewe unafundisha mambo haya."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Mdogo wangu naye akageuka. Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Nilijua."

"Tangu lini?" aliuliza yeye.

"Kabla hujaoa."

Wifi alisimama. "Ulinishika mkono kanisani," alisema. "Ulinivisha shela." Akatoka nje. Mabega ya mdogo wangu yalikuwa yakicheza. Nilingoja anitukane, ningepokea. Alisema, "Ungeniambia, nisingewazaa wale wasichana." Baada ya hapo akataka kusema jambo lingine, maneno yakamkwama, akayaacha. Mpaka leo sijui lilikuwa nini.

Binti yake mkubwa alikuwa akisoma katika shule ninayofundisha, huku Kibosho. Nyumbani aliniita shangazi, shuleni madam kama wenzake. Wazazi wake walikuwa wamekubaliana asiambiwe hadi amalize mitihani. Walimweleza kwamba baba anaumwa mishipa. Nilikubali, nilikuwa hodari wa kunyamaza.

Ulipofika mwaka wake wa kidato cha nne ikanibidi nifundishe urithi. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, ila jambo likiwa gumu nageukia Kiswahili. Nilieleza ualbino, nikaeleza selimundu, nikafika kwenye sifa zinazotawala, zile ambazo jeni moja latosha kuzionyesha. Kitabu kilitaja ugonjwa wetu. Nikauruka nikatumia mfano wa vidole sita. Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja achague sifa moja ya familia yake, kama vile kukunja ulimi, achore mti wa ukoo, wanaume miraba, wanawake duara, wenye sifa hiyo wapakwe rangi.

Kesho yake alinifuata ofisini saa za mapumziko, akafunga mlango.

"Shikamoo, shangazi." Hakusema madam.

"Marahaba."

Aliweka daftari mezani. Alikuwa amechora kwa rula, safi kabisa. Miraba mitatu ilipakwa wino mweusi: alianza na babu wa baba yake, ambaye alimsikia tu, akaja babu, akaja baba. Pembeni ya baba palikuwa na duara, ndani yake alama ya kuuliza. Chini palikuwa na duara mbili, nazo zina alama ya kuuliza.

"Kitabu nilikisoma chote," alisema. "Na ule ukurasa uliouruka. Nimekosea wapi?"

Nilitazama mchoro ule nikitafuta kosa. Nimesahihisha maelfu ya madaftari maishani mwangu na sijawahi kutafuta kosa kwa hamu kama ile.

"Hujakosea," nikasema.

Hakulia. Aligusa duara la juu kwa kidole. "Huyu ni wewe. Umepima?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwamba kujua hakubadilishi kitu, kwamba daktari hampimi mtu kabla hajafikisha miaka kumi na minane na kupewa ushauri, kwamba ana haki ya kujua na haki ya kutojua. Yote ni kweli. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwalimu anayesoma tu kilichoandikwa.

"Shangazi, mimi nilikuuliza kwa nini wewe hujapima."

"Naogopa," nikasema.

Alichukua daftari lake. Mlangoni aligeuka. "Nilikuwa nataka niwe daktari," alisema, na jinsi alivyosema 'nilikuwa' ndilo jambo ninaloliota.

Alifaulu. Alipangiwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, akakataa kwenda. Wifi alimsihi, mchungaji alimsihi, mimi nilipanda mara tatu kwenda kumsihi. Jibu lake lilikuwa moja, "Ya nini?" Nilimwambia ana nafasi nusu ya kuwa mzima. Akasema nusu anaijua, hesabu hiyo nilimfundisha mimi. Sasa anauza vifaa vya simu mjini Moshi. Amefikisha miaka kumi na minane, hajapima, na haongei na wavulana. Nikipita dukani ananiamkia kwa adabu, basi.

Baba yake alifariki masika iliyopita. Mwishoni alikuwa anakula mtori wa ndizi tu, uliosagwa ukawa laini kama uji, na hata huo ulimpalia. Tulimlisha kwa zamu, mimi na wifi, tukiwa pande mbili za kitanda, bila kuongea. Wifi hajanisamehe, na sijamwomba, maana sijui ningeomba kwa maneno gani. Nilikuwa nimeshika kijiko siku ile pumzi ilipokatika. Mwili wake ukatulia wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita niliuona uso wa yule kijana wa juu ya paa. Tulimzika kihambani. Msibani nilisikia mtu akisema pombe imewamaliza wanaume wa ukoo huu. Safari hii nilisimama nikasema ni ugonjwa, nikautaja jina, nikaeleza. Walinisikiliza, wakanipa pole, wakarudi kwenye vikombe vyao vya mbege.

Nilidhani sasa tutapumzika kidogo. Mkubwa ana miaka mingi mbele kabla ya kuanza kujichunguza mikono, nami kila chaki inaponiponyoka darasani nimezoea kuhesabu pole pole hadi moyo urudi mahali pake. Na yule mdogo ana miaka kumi na miwili tu.

Jumamosi iliyopita wifi alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya majibu. Nilipofika alikuwa ameketi mezani na binti yake mkubwa. Mdogo alikuwa uani. Mbele yao kulikuwa na madaftari mawili ya Sayansi, la mwaka jana na la mwaka huu. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeyatuma, akiuliza kama mtoto ana matatizo nyumbani, maana alikuwa wa tatu darasani na sasa anashika mkia, na akikimbia uwanjani miguu yake imekakamaa kama ya mbao.

Nikafungua la mwaka jana. Mwandiko wa duara, umenyooka. Nikafungua la mwaka huu. Herufi zilikuwa zimebanana, zimepinda, nyingine zimetoboa karatasi.

"Huyu ni mtoto," alisema wifi. "Daktari alisema ugonjwa ni wa watu wazima. Wewe ni mwalimu. Niambie si huo."

Nilijua jibu. Jeni hili likitoka kwa baba, lile neno linalojirudia linaweza kurefuka zaidi katika kupita kwake, na kadiri linavyorefuka ndivyo ugonjwa unavyowahi. Babu aliugua uzeeni, baba katikati ya umri, mdogo wangu akiwa kijana. Na ukimpata mtoto, hauanzi kwa kucheza, unaanza kwa kukakamaa. Binti mkubwa alikuwa ananitazama. Yeye naye aliusoma ukurasa ule.

"Sijui, wifi," nikasema. "Lazima aonwe na daktari."

"Shangazi," alisema binti, taratibu, "usianze tena."

Nikayafunga madaftari. Nikamweleza wifi yote, kuanzia mwanzo, kwa Kiswahili chepesi. Nje mtoto alikuwa anafagia uwanja, tukiusikia ufagio unakwaruza, unasimama, unakwaruza. Jumatatu tunampeleka Moshi.